Jani Katika Bahasha ya Sadaka

Alilileta Jumatatu, mvua ikiwa bado yasitasita
juu ya Menengai,
limekunjwa ndani ya bahasha ya sadaka, ile ya kahawia,
jina la kanisa limekwanguliwa kwa wembe.
"Nyanya," akasema. "Ya mkoponi. Inakaa nje."

Miaka kumi na tisa nauza dawa za mimea hapa Shabab.
Jani la nyanya nalijua gizani, kwa harufu.
Nyanya haina vidole saba.
Nyanya haiji dukani na mtu aliyeshusha kofia hadi puani.

Nikavaa miwani.
Mng'oa meno haulizi nyama uliila harusi ya nani.

Nikaligeuza. Jani hugeuzwa kwanza:
mwizi wake hulala uvunguni,
juu anakuachia risiti tu.
Na risiti ilikuwa hii: vitone vyeupe, vidogo kuliko chumvi,
kana kwamba mtu kalidunga sindano akihesabu madeni.
Chini, utando,
mwembamba, hauonekani mpaka uupulizie.
Nikapuliza.
Nukta nyekundu ikaamka, ikatembea.

"Utitiri."
"Si ugonjwa?"
"Ni wapangaji wasiolipa kodi. Mkopo una matundu?"
"Debe la rangi. Halina."
"Maji?"
"Nikikumbuka. Halafu mengi."
"Na vumbi?"
"Malori, mama. Tangu alfajiri."
"Na ncha hizi zilizoungua, zimejikunja kama kucha za kuku?"

Akakohoa. Alikuwa ameitia mbolea.
"Kijiko kipi? Cha chai?"
Akatazama barabara.
"Mwiko," akasema.

Hapo ndipo nilipoona viatu.
Vyeusi, vizito, vimeng'arishwa kwa mate na hofu ya mkubwa.
Hakuna mkulima wa Nakuru mwenye viatu vile
Jumatatu ya mvua.

"Sajini," nikasema.
Akavua kofia. Ekidor, wa kituo cha juu,
ambaye mwaka jana alimkamata Gitahi kinyozi
na debe lake moja.
Kielelezo namba nne.
Kesi imeahirishwa mara sita: mara hakimu mgonjwa,
mara faili imepotea, mara faili imeonekana, hakimu kapotea.
Na kila mara mahakama yauliza, mmea uko wapi?
Wengine kituoni walisema uning'inizwe ukauke.
Yeye akasema sheria haikutaja kukausha.
Sasa huamka saa kumi na moja kuutazama,
na mkewe kaanza kuuliza.

"Ukifa," akasema, "nitaandika nini?"

Nikamwambia: toboa debe kwa msumari, matundu matano.
Maji mengi mara moja, yashuke na mbolea yote, kisha uache.
Sabuni ya kipande kwenye maji, jioni, chini ya majani,
baada ya siku tatu tena, kwa kuwa mayai hayasikii sabuni.
Nikampimia na unga mweupe wa Kariandusi, gramu mia mbili.
Akaomba risiti. Niandike nini?
"Nyanya," akasema, nasi hatukucheka.

Alhamisi akaja Gitahi.
Akauliza bei ya dawa ya magugu, ile inayokausha hadi mzizi.
Akaishika chupa muda mrefu, akisoma maandishi
kama asomaye barua ya ndugu.
Nilijua ukuta wa kituo ni mfupi upande wa choo.
Sikusema neno. Nilipanga mbegu za sukuma
zilizokuwa zimepangwa tayari.

Akairudisha rafuni, lebo ikitazama mbele.
"Nasikia ilikuwa mgonjwa," akasema.
"Inapona."
"Mwambie asiiegemeze ukuta wa magharibi.
Jua la saa tisa hulichoma lile debe, mizizi inaiva."
Akaenda. Hakununua hata kiberiti.

Nimemwambia sajini. Hakuuliza ni nani kasema.
Debe limehamia chini ya mtungi wa maji,
na majani mapya, nasikia, yana vidole tisa.
Kesi ni tarehe kumi na nne.